Ukali wa ndimu na uchungu wa mchunga ni vitu viwili tofauti

Hiki kitu nakirudia jikoni kila siku mpaka nimeona bora nikiandike nimalize. Chakula kikiwa kikali na chakula kikiwa kichungu ni matatizo mawili tofauti, yana chanzo tofauti, mdomoni yanapita njia tofauti, na dawa zake pia ni tofauti. Ila wengi wetu tukionja kitu uso ukajikunja tunasema tu "chungu hii" hata kama ni ukwaju umezidi, alafu mtu anaanza kumwaga sukari, anaonja, anamwaga tena, mwisho anapata kitu kama sharubati ya dawa. Nikisema ukali humu namaanisha ule wa ndimu na ukwaju na maziwa mgando, ule uchachu, siyo wa pilipili. Wa pilipili ni moto, ni maumivu kabisa, tuuache pembeni.

Mimi niko Tanga, napika chakula cha mchana na natengeneza juisi za kuuza, kwahiyo hizi ladha mbili ndio zinanilisha. Na huku kwetu zote zipo tele. Machungwa ya Muheza yanashuka msimu wake kwa malori, ndimu zipo, ukwaju upo, embe bichi za kukatwa na kupakwa chumvi na pilipili zipo kila kona, na upande wa pili tuna mchunga ile mboga ya majani michungu, ngogwe yaani nyanya chungu, karela lile tunda chungu lenye manundu, na muhogo ambao nitausema kwa urefu huko chini maana muhogo ni habari nzito.

Tuanze na ndimu kwasababu ndimu moja imebeba zote mbili. Ikate, kamua nusu kwa mkono taratibu, onja maji yake. Ni makali kweli kweli lakini ni masafi, hayana uchungu. Sasa ile nusu nyingine itumbukize yote kwenye blenda, na ganda, na ule weupe wa chini ya ganda, na mbegu zake, saga chuja onja. Ukali uko pale pale, ila nyuma yake kuna kitu kingine kinakuja polepole kinakaa kooni hakitoki hata ukinywa maji. Hicho ndio uchungu, na hakikutoka kwenye maji ya ndimu, kimetoka kwenye weupe na mbegu. Kuna kemikali inaitwa limonini inapatikana kwenye matunda yote ya ukoo wa machungwa, na balungi lina nyingine juu yake inaitwa naringini, ndio maana balungi linakupiga pande zote mbili kwa wakati mmoja, kali na chungu.

Na kuna jambo ambalo sisi wauza juisi tunalijua kwa mikono hata kama hakuna aliyetuambia sababu. Juisi ya machungwa ukiikamua asubuhi ni nzuri, ukiiacha mpaka jioni au ukiipasha moto inaanza uchungu. Watu wanasema imeoza, haijaoza. Kwenye chungwa zima ile limonini bado haijawa limonini, imekaa kwenye zile ngozi za vipande na nyuzi zake katika hali isiyo na uchungu kabisa, sasa ukikamua na kuchana vile vipande inakutana na asidi ya juisi na taratibu taratibu inageuka. Yaani ule ukali wenyewe ndio unausaidia uchungu kuzaliwa. Mimi hili jambo naliona la ajabu sana mpaka leo. Ndio maana juisi ya chungwa au ndimu sisagi, nakamua, sikandamizi mpaka tone la mwisho, mbegu natoa kabla, na haikai. Anayependa ile harufu ya ganda akwangue ile rangi ya kijani ya juu tu, juu juu kabisa, akiona weupe asimame hapo hapo.

Sasa utajuaje umeonja nini? Mteja mmoja, baba wa makamo, aliniambia "mwanangu juisi yako leo ina uchungu". Nikamuuliza, "baba, inakujaza mate mdomoni au inakubakia kooni ukishameza?" Akanywa tena, akatulia kidogo, akasema "mate". Basi huo ni ukali, nikaongeza maji na sukari kidogo akanywa glasi yote akaomba nyingine. Angesema inabaki kooni ningeimwaga ile juisi nikakamua upya, maana hapo sukari ingekuwa kupoteza tu.

Ndio kipimo changu hicho, cha muda. Ukali unafika hapo hapo, kabla hujameza mate yameshajaa, mashavu yanavutika, jicho moja linafumba lenyewe, ukimeza umeondoka. Uchungu unachelewa. Unaweza kutafuna tango ukadhani zuri, ukafika kutafuna mara ya tatu ya nne ndio unakuja, na ukishameza ndio kwanza unakaa. Alafu kuna meno. Kula embe bichi tatu uone, meno yanapata ganzi mpaka mkate unaumiza, hiyo ni asidi inagusa meno yenyewe. Mchunga hata ule sufuria nzima meno hayapati ganzi.

Kwanini iko hivyo, nilisoma nikaelewa na nitajaribu kusema kama nilivyoelewa. Ukali wote unatokana na asidi. Ndimu na limau wana asidi ya sitriki, ukwaju una ya tartariki ambayo ndio hiyo hiyo ya zabibu, siki ina ya asetiki, maziwa mgando na togwa na uji uliochachuliwa vina ya laktiki, ubuyu umechanganya kadhaa. Zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe lakini ulimi unachokisikia ni kimoja, ni zile chembe za haidrojeni ambazo kila asidi inaziachia kwenye maji. Kwenye seli za ulimi kuna tundu maalum la kuzipitisha, linaitwa OTOP1, na watafiti wa chuo kikuu cha Southern California kule Marekani kwenye maabara ya Emily Liman wamelijua juzi juzi tu, 2018, alafu 2019 ndio likathibitika kwamba ndilo la ukali. Fikiria watu wamekula ndimu miaka elfu na elfu.

Uchungu ni kinyume. Hakuna kitu kimoja kinachoitwa uchungu. Kwinini ni chungu, kafeini ni chungu, limonini, mwarobaini, mshubiri, viazi vilivyogeuka kijani, kila kimoja ni kemikali ya aina yake haifanani na mwenzake hata kidogo, na mdomo umeviwekea vipokeo karibu 25 vya aina mbalimbali, vilianza kutambuliwa mwaka 2000. Ni kama geti moja lenye walinzi 25, kila mmoja amepewa sura zake za wezi, lakini kengele wanayopiga ni moja. Kwahiyo wewe unasikia "chungu" tu, hujui ni mlinzi gani amepiga. Ndio maana uchungu ukishaingia kwenye chakula ni mgumu kuutibu, hujui umetokana na nini, wakati ukali wowote ule ukishapunguza asidi umemaliza.

Hapa niseme kidogo kuhusu ile ramani ya ulimi tuliyochorewa shuleni, ncha ni utamu, pembeni ukali, nyuma kabisa uchungu. Tulikariri tukajibu mtihani. Siyo sahihi. Ilitokana na kazi ya Mjerumani mmoja David Hänig, mwaka 1901, yeye alipima tofauti ndogo ndogo tu za sehemu na sehemu, baadae wengine wakaichora upya vibaya ikaonekana kama kila ladha ina mtaa wake. Ukweli ni kwamba sehemu yoyote ya ulimi yenye vinundu vya ladha inasikia zote. Weka tone la ndimu kwenye ncha ya ulimi sasa hivi, utasikia ukali hapo hapo kwenye ncha. Na wapo watoto hadi leo wanafundishwa ile ramani, inaniuma.

Sasa muhogo.

Huku Tanga tunakula bada, ugali wa muhogo, hasa Wadigo, na ukienda Mtwara na Lindi muhogo ndio chakula chenyewe. Kuna muhogo mtamu unauchimba unautafuna mbichi, na kuna muhogo mchungu. Ule mchungu wakulima wanaupenda, unavumilia, na nguruwe na nyani hawausogelei sana. Ndani yake kuna kitu kinaitwa linamarini, ambacho muhogo ukikatwa au kupondwa kinavunjika na kutoa sayanaidi, ile ile sumu. Muhogo mtamu nao unacho ila kidogo, mchungu unacho kingi, na wakulima toka zamani wanaonja kipande kidogo cha mzizi kujua wakae nao vipi. Ulimi wa bibi zetu ulikuwa ndio maabara.

Na dawa yake ni nini? Kuloweka. Kongo ndio mabingwa wa hili, mihogo inalowekwa kwenye maji siku tatu au nne mpaka inalainika, inatolewa, nyuzi zinaondolewa, inaanikwa inasagwa unga wa fufu au inapondwa inafungwa kwenye majani inakuwa chikwangue. Ukila chikwangue unasikia nini? Ukali. Ule uchachu mwepesi wa asidi ya laktiki. Yaani wakati muhogo umekaa majini bakteria wanafanya kazi yao, mzizi unalainika, ile linamarini inavunjika, sayanaidi inatoka inapotelea majini na hewani, na asidi inaongezeka. Uchungu unatoka ukali unaingia. Mama anayeloweka mihogo anasubiri ile harufu ya kuchacha na ule ulaini, akivipata anajua imeiva kutolewa. Sijaona mfano mwingine unaoonesha tofauti ya hizi ladha mbili wazi namna hii, chungu inakwambia subiri, kali inakwambia tayari.

Na watu wasipopata nafasi ya kusubiri inakuwa balaa. Kuna ugonjwa unaitwa konzo, miguu inapooza ghafla, mtu analala mzima anaamka hawezi kutembea vizuri na haiponi tena, wanaopata zaidi ni watoto na akina mama. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kule Kongo. Msumbiji mwaka 1981 wakati wa ukame jimbo la Nampula walipata zaidi ya watu 1,000. Hapa kwetu Tanzania umeshatokea Tarime miaka ya 1980 na Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unakuja wakati wa njaa, watu wana muhogo mchungu peke yake, hawana maharage wala samaki wa kuusaidia mwili kupambana na ile sumu, na njaa haiwaachi wasubiri siku zote za kuloweka au kuanika, wanafupisha. Kwahiyo mtu akiniambia uchungu ni ladha tu uzoee, mimi siwezi kukubali kirahisi. Kuna uchungu wa kuzoea na kuna uchungu wa kuuheshimu. Makopa, ule muhogo uliokaushwa, yakiwa machungu bado, usiyafunike na nazi wala sukari ukampa mtoto. Mung'unye au boga likiwa chungu isivyo kawaida tupa, lote, usikate ule upande mzuri, kupika hakuondoi sumu yake.

Tango kidogo lina nafuu, uchungu wake mara nyingi umekaa upande wa kikonyo na kwenye ngozi, unakata kipande kikubwa pale unamenya unaonja. Likiwa chungu mpaka katikati achana nalo.

Na ukali nao siyo kwamba kila siku ni mwema, wali uliolala ukachacha hauli, tui la nazi likichacha umwage. Ila maziwa mgando yakiwa makali ndio yamefanikiwa, na mgando huo huo ukiwa mchungu umeshaharibika, bakteria wengine wameanza kuvunja protini. Karanga ukitafuna moja ikawa chungu tema usimeze, lakini usifikiri zisizo chungu zote ni salama maana sumukuvu haina ladha, hapo ulimi hausaidii, karanga zilizokunjamana na zenye ukungu unazichambua kwa macho.

Haya, mchunga. Nimeusingizia sana uchungu ubaya sasa niutetee, kwasababu mchunga naupenda kuliko mboga zote. Unaota wenyewe mashambani, majani membamba, ukivunja kikonyo unatoa maziwa meupe yanashika vidole, na ule uchungu unapatikana sana kwenye yale maziwa. Bibi yangu alikuwa haoshi mchunga akishaukata, anaosha kwanza mzima mzima ndio anakata, alafu anautia kwenye maji yanayotokota yenye chumvi. Sio maji ya uvuguvugu, yanayotokota. Yakichemka dakika chache yanakuwa ya kijani iliyoiva kama chai nzito, anamwaga, anaupoza na maji ya baridi, anaukamua kwa viganja viwili mpaka unabaki tonge. Ukionja pale uchungu umebaki robo hivi. Alafu anakaanga kitunguu, nyanya moja tu, anatia tonge lake analichambua kwa mwiko, anamimina tui zito, anaacha likaukie. Nikiwa mdogo nilikuwa namuuliza "bibi kwanini usichemshe mara mbili uishe kabisa", ananiambia "ukiisha nitakuwa nakula nini mjukuu wangu, nyasi?"

Na yuko sahihi. Uchungu ukibaki kidogo unakaa pamoja na mafuta ya tui vizuri sana, unakata ule unene wake. Mafuta yanashika baadhi ya zile kemikali chungu zisifike kwenye ulimi zote kwa pamoja, na ndio maana mahali pengi mboga chungu zinapikwa na kitu cha mafuta. Wajaluo mnavu wao, osuga, wanautia maziwa na cream na kuurudia jikoni, siku ya pili ni mtamu kuliko ya kwanza. Sisi tuna nazi, wengine wana karanga. Ngogwe hivyo hivyo, mimi nazikata nazipaka chumvi nusu saa zinatoa maji, naziosha, ndio nazipika.

Chumvi. Hapa naomba nisikilizwe maana ndio kitu ambacho hakiaminiki mpaka mtu ajaribu. Dawa ya kwanza ya uchungu ni chumvi kabla ya sukari. Mwaka 1997 watafiti Paul Breslin na Gary Beauchamp kule Philadelphia walionesha kwamba sodiamu inapunguza uchungu kwa nguvu sana, na uchungu ukishapungua ule utamu uliokuwa umefunikwa unatokea wenyewe bila kuongeza sukari. Kumbe zile punje za chumvi ambazo watu wa zamani walikuwa wananyunyiza kwenye balungi siyo mazoea ya bure. Jaribu, kata balungi mbili, moja paka sukari, moja chumvi kidogo sana, sana, alafu onja zote.

Kwa ukali dawa ni nyingine. Sukari inafanya kazi vizuri pale, na maji pia. Ukwaju kwa mfano ndani yake una sukari nyingi tu ya asili, sema asidi imeifunika, ukiongeza kidogo tu inatokeza yote, ndio maana juisi ya ukwaju haihitaji sukari ile mnayoweka. Mchuzi wa nyanya ukiwa mkali unatia magadi au soda ya kuokea ncha ya kisu, unaona povu linatokea, ile ndio asidi inakufa mbele ya macho yako. Ncha ya kisu tu lakini, ikizidi mchuzi unakuwa kama sabuni na hauna kurudi nyuma.

Wanaotaka ushahidi kwamba njia za mdomoni ni mbili waangalie kuna tunda dogo jekundu la Afrika Magharibi, lina protini inaitwa mirakulini, aliitenga Mjapani Kenzo Kurihara mwaka 1968. Ukilitafuna likapaka ulimi, ndimu unayokula baada ya hapo inakuwa tamu kama chungwa kwa muda. Lakini kwinini inabaki chungu vile vile. Linageuza ukali, uchungu haligusi. Na ile ya kupiga mswaki alafu unakunywa juisi ya chungwa ikawa mbaya, kila mtu anaijua, ile sabuni ya dawa ya meno inazima utamu kwa dakika kadhaa na kuuachia uchungu uonekane zaidi.

Kuna ya tatu inachanganya watu, ukakasi. Bibo la korosho, zambarau, ndizi mbichi, chai iliyokaa kwenye majani muda mrefu. Ule sio ukali wala uchungu, ni mdomo kukauka na ulimi kuwa kama umekwaruzwa, zile tanini zinashikana na protini za mate mate yanapoteza utelezi wake. Kwa ukali mate yanaongezeka, kwa ukakasi ni kama yamefyonzwa. Bibo lina zote, tamu, kali kidogo na ukakasi, ndio maana mtu akilielezea anashindwa.

Jambo lingine ambalo nataka mama wenzangu walijue. Watu hatusikii uchungu sawa. Mwaka 1931 mkemia wa Marekani Arthur Fox alikuwa anahamisha unga wa kemikali moja inayoitwa PTC, vumbi likaruka, mwenzake akalalamika ni chungu mno mdomoni, yeye Fox yuko katikati ya lile vumbi hasikii chochote. Wakaanza kupima watu wakakuta wapo wanaosikia na wasiosikia, na inarithiwa, na 2003 jeni yenyewe ikapatikana, TAS2R38. Jeni hiyo inahusika na vitu vya jamii ya kabichi na sukuma wiki pia. Na watoto kwa ujumla wanausikia uchungu kwa nguvu kuliko sisi wakubwa. Kwahiyo mtoto akikataa mboga chungu, siyo kila mara ni ukaidi, huenda kwenye mdomo wake ile mboga ni kitu kingine kabisa. Usimpige. Mpunguzie uchungu, ongeza tui na chumvi, mpe kidogo kidogo. Mtoto huyo huyo mpe embe bichi au ubuyu anakula huku analia macho, ukali watoto wengi wanaupenda.

Sisi tuliokua na klorokwini, ile dawa ya zamani ya malaria, tunajua. Ilivyokuwa chungu ile, unabanwa pua, kidonge kinapondwa kwenye kijiko na sukari, na bado. Kubana pua hakusaidii chochote, uchungu uko kwenye ulimi siyo kwenye harufu. Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, siyo kwa sababu ya uchungu, vimelea vilishaizoea. Dawa ya mseto ya watoto ya kuyeyusha kwenye maji imewekewa utamu, na inakuwa rahisi zaidi mtoto kuimeza, jambo ambalo kwa dozi za siku tatu ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Nimalizie na kahawa, maana wengi siku hizi mnanunua kahawa ya Kilimanjaro au ya Mbinga mnatengeneza nyumbani alafu mnaniuliza mbona mbaya. Swali langu kwenu ni lile lile, mate au koo? Kahawa ikiwa kali, inavuta mashavu, basi haijatoka yote, zile asidi zinatoka kwenye unga mapema kuliko vitu vingine, saga laini zaidi, tumia maji ya moto zaidi au iache ikae kidogo. Ikiwa chungu mpaka kooni umeipitisha, imechemka sana au imekaangwa sana, kafeini ni sehemu ndogo tu ya huo uchungu, mwingi unatengenezwa kwenye kikaango. Saga nene kidogo, toa mapema, na kama umeshaiharibu na wageni wamekaa sebuleni tia punje mbili tatu za chumvi kwenye birika. Ile ya mabirika ya mtaani yenyewe ni chungu kwa makusudi, ndio maana inakuja na kashata, unang'ata kwanza ndio unapiga funda.